Neno "little" la Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maana na asili yake

Neno "little" hufundishwa mapema sana katika masomo ya Kiingereza, hupewa tafsiri ya "dogo", kisha huachwa hapo kana kwamba limekwisha kueleweka. Majibu yafuatayo yamekusudiwa wanafunzi, walimu na wafasiri waliokwisha kuona kwamba tafsiri hiyo haitoshi. Neno hili husema mambo matatu: ukubwa wa kitu, kiasi chake, na namna msemaji anavyokitazama. Jambo la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko mengine.

Je, "little" na "small" ni maneno mawili yenye maana moja?

Hapana, ingawa mara nyingi moja linaweza kushika nafasi ya jingine bila sentensi kuharibika. "Small" hupima. Ndiyo maana shati huwa la saizi ya "small" wala si ya "little", na herufi ndogo huitwa "small letters". Anayesema "a small house" anatupa habari za nyumba. Anayesema "a little house" anatupa habari za nyumba pamoja na habari za moyo wake kuhusu nyumba hiyo.

Maneno haya hutofautiana pia kisarufi. "Small" hukaa vizuri baada ya kitenzi, kama katika "the room is small", ilhali "little" hupendelea kutangulia nomino, na sentensi kama "the room is little" husikika kwa nadra vinywani mwa watu wazima. Tena "little" hupenda kufuata kivumishi kingine chenye hisia: "a nice little garden", "a poor little boy". Ukiliweka "small" mahali hapo hutakuwa umevunja kanuni yoyote, lakini hisia za msemaji zitakuwa zimeondoka.

Neno "little" limetoka wapi?

Ni neno la asili la Kiingereza, halikukopwa kutoka Kilatini wala Kifaransa. Katika Kiingereza cha kale, yaani lugha iliyosemwa Uingereza kabla ya Wanormani kuivamia nchi hiyo mwaka 1066, liliandikwa "lytel". Herufi y iliwakilisha irabu ndefu iliyotamkwa midomo ikiwa imeviringwa, kama ilivyo ü ya Kijerumani au u ya Kifaransa. Baadaye midomo ikaacha kuviringwa, irabu ikafupika, na hivyo tukapata sauti ya leo. Kando ya "lytel" kulikuwa na neno fupi "lyt", lililomaanisha kiasi kidogo au watu wachache, na "lytel" ni shina hilo likiwa limeongezewa kiambishi tamati. Kiambishi hicho hicho kimo katika "micel", neno la kale la ukubwa ambalo ndilo lililozaa "much" tunayoitumia sasa, kwa hiyo maneno haya mawili yaliyopingana kwa maana yalifanana kwa umbo.

Geoffrey Chaucer, mshairi wa karne ya 14, alitumia sura ndefu na sura fupi ya neno hili kadiri mizani ilivyomtaka. Alipoandika maelezo ya chombo cha kupimia nyota, mnamo mwaka 1391, kwa ajili ya mwanawe wa miaka 10, alianza kwa kumwita mtoto huyo Lowys mdogo. Hapo hakuna kipimo chochote cha kimo. Baba anamwita mwanawe kwa mapenzi, na neno lilikuwa tayari linabeba kazi hiyo zaidi ya miaka 600 iliyopita.

Je, lina ndugu katika lugha nyingine?

Linao. Kiholanzi kina "luttel", neno la kimaandishi linalomaanisha haba au chache. Kijerumani cha leo husema "klein", lakini cha zamani kilikuwa na "lützel", ambalo limebaki katika lahaja na katika majina ya mahali. Mfano mashuhuri zaidi ni jina la nchi nzima. Mwaka 963 mtawala aliyeitwa Siegfried alibadilishana ardhi na abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Mtakatifu Maximin ya mji wa Trier, akapata ngome iliyokuwa juu ya jabali, na hati ya mapatano hayo iliiandika ngome hiyo kwa jina la Lucilinburhuc, yaani ngome ndogo. Jina hilo ndilo leo tunalolitamka Luxembourg, au Lasembagi kama baadhi ya vitabu vyetu vinavyoandika.

Upande wa Skandinavia kuna "lítill" ya Kiaislandi, "liten" ya Kiswidi na "lille" ya Kidenmaki, na Kigothi, lugha tunayoifahamu zaidi kutokana na tafsiri ya Biblia ya karne ya 4, kilikuwa na "leitils". Hapa kuna fumbo ambalo wataalamu wa historia ya lugha wamelijadili kwa muda mrefu, kwa sababu irabu ya maneno haya ya kaskazini na ya Kigothi hailingani na irabu ya "lytel" na "lützel" kama kanuni za mabadiliko ya sauti zinavyotaka. Maana ni moja na konsonanti ni zile zile, lakini shina huenda likawa si moja.

Na "small" je, asili yake ni udogo?

Katika Kiingereza cha kale "smæl" lilimaanisha hasa kitu chembamba au laini. Kijerumani "schmal" na Kiholanzi "smal" bado humaanisha "embamba" hadi leo. Maana hiyo ya zamani imejificha katika misemo michache ya Kiingereza, kama "the small of the back", yaani sehemu ya mgongo iliyobonyea kiunoni, mahali ambapo mwili wa mtu huwa mwembamba.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka katika somo la biolojia. Utumbo unaoitwa "small intestine" una urefu wa takriban mita 6, na ule unaoitwa "large intestine" una takriban mita 1.5 tu. Mwanafunzi anayedhani "small" ni habari ya urefu atachanganyikiwa, na ana haki ya kuchanganyikiwa. Waliotunga istilahi ya Kiswahili walitazama upana, wakasema utumbo mwembamba na utumbo mpana, na kwa kufanya hivyo wakawa karibu zaidi na jina la Kilatini, ambalo nalo hutaja wembamba.

Kwa nini "little" huwa "less" na "least" badala ya kufuata kanuni ya kawaida?

Kwa sababu "less" na "least" hazikutokana na "little" hata kidogo. Zilitoka katika shina jingine, zikaazimwa ili kujaza nafasi ya ulinganishi, kama vile "better" na "best" zilivyoazimwa kwa ajili ya "good". Kwa kuwa "less" huhusu kiasi zaidi kuliko ukubwa wa umbo, mtu anayetaka kulinganisha ukubwa wa vitu viwili husema "smaller". Sura za "littler" na "littlest" zipo, lakini ni za mazungumzo ya watoto na ya watu wanaozungumza na watoto. "Lesser", ambayo ni ulinganishi uliofanyiwa ulinganishi tena, imebaki katika matumizi maalumu kama majina ya ndege na wanyama.

Shina hili la "less" limezaa maneno mengine mawili ambayo wengi hawayahusishi na udogo. "Unless" ilianza kama maneno mawili, "on less", kwa maana ya "kwa sharti lililo pungufu ya". "Lest", tunayoitafsiri "isije ikawa" au "asije aka-", ni mabaki ya kirai cha Kiingereza cha kale kilichokuwa na "less" ndani yake.

Kuna tofauti gani kati ya "little" na "a little"?

Tofauti ni kubwa, na kosa lake linaweza kuumiza. Daktari akisema "there is a little hope", anamwambia mwenye mgonjwa kwamba tumaini lipo, ingawa si kubwa. Akisema "there is little hope", anamwandaa kwa habari mbaya, kwa maana tumaini ni haba kiasi cha kukaribia kutokuwepo. Kiasi chenyewe huenda kikawa kile kile katika sentensi zote mbili. Kilichobadilika ni upande ambao msemaji anautazama, wa kilichopo au wa kilichokosekana.

Kanuni hii huhusu nomino zisizohesabika, kama maji, muda na fedha. Kwa nomino zinazohesabika Kiingereza hutumia "a few" na "few" kwa tofauti ile ile. Mzungumzaji wa Kiswahili hapati shida kubwa kuchagua kati ya "little" na "few", kwa kuwa lugha yake nayo husema watu wachache lakini maji kidogo. Shida iko katika ile "a" ndogo ambayo Kiswahili hakina. Ninawashauri walimu wasiifundishe kwa jedwali. Waweke sentensi mbili za aina ya ile ya daktari ubaoni, kisha wawaulize wanafunzi wangependa kuambiwa ipi.

Katika kutafsiri, "a little water" ni "maji kidogo", na "little water" mara nyingi hutoka vizuri zaidi kwa ukanushi: "hapana maji ya kutosha", au kwa neno "haba".

Nimekutana na "little did he know". Je, maana yake ni kwamba alijua kidogo?

Maana yake ni kwamba hakujua kabisa. Pamoja na vitenzi vya kujua, kudhani na kutarajia, "little" linaloanza sentensi hukanusha moja kwa moja, na kiima na kitenzi kisaidizi hubadilishana nafasi. Kiswahili kina njia inayokaribiana na hiyo tunaposema "hakujua hata kidogo".

Kwa nini neno hili hili huonyesha mapenzi na pia dharau?

Swali hili ndilo kiini cha mambo yote. Kilicho kidogo hutukumbusha mtoto, na mtoto huamsha huruma na upendo. Lakini kilicho kidogo pia hakina nguvu wala cheo, na asiye na cheo hudharauliwa kwa urahisi. Kwa hiyo "my dear little girl" ni maneno ya mama, na "that horrid little man" ni maneno ya mtu aliyekasirika, hata kama mwanamume anayetajwa ni mrefu kupita mlango. Kati ya pande hizo mbili kuna eneo la hatari, ambapo mtu mzima huelezwa kwa neno la mtoto. Mume anayemwita mkewe "the little woman" anaweza kudhani anaonyesha upendo, lakini masikio ya leo husikia kwamba anampunguza.

Tabia hii si ya Kiingereza peke yake. Kiswahili hufanya hivyo hivyo kwa ngeli: "kitoto" kinaweza kutamkwa kwa kuumia moyo au kwa kubeza, na "kijitu" mara nyingi si sifa njema. Tofauti ni ya vifaa. Kiingereza nacho kiliwahi kuwa na viambishi vingi vya udogo, na mabaki yake yako katika "duckling", "lambkin" na "hillock", ambayo ni kilima hasa. Vingi vya viambishi hivyo vimeganda. Hakuna anayeweza leo kuchukua "house" na kulitengenezea udogo wake kwa kiambishi kama hicho. Kijerumani bado kinaweza, na Kiswahili kinaweza kwa wepesi mkubwa. Kazi ambayo viambishi viliiacha kwa Kiingereza imebebwa na "little".

Basi nilitafsirije kwa Kiswahili?

Kwa kuwa "little" hufanya kazi ya kiambishi, mahali pa kwanza pa kutafuta tafsiri ni ngeli ya ki-vi, na kivumishi "-dogo" kije baadaye. "A little stream" ni kijito. "A dirty little dog" ni kijibwa kichafu. "A horrid little man" ni kijitu cha kuchukiza, na ukiandika "mwanamume mdogo wa kuchukiza" msomaji ataanza kufikiria umri au kimo chake, jambo ambalo mwandishi wa Kiingereza hakulikusudia. Katika mazungumzo ya sehemu nyingi, Kenya ikiwemo, kiambishi ka- hufanya kazi hiyo kwa ladha ya nyumbani, kama katika "katoto", na mfasiri wa mazungumzo ya hadithi asiogope kukitumia panapofaa.

Wakati mwingine tafsiri bora haina neno lolote la udogo. "My poor little boy" ni "maskini mwanangu", na ukilazimisha "mdogo" hapo utakuwa umeongeza habari ambayo haikuwemo. Wakati mwingine tena udogo ni wa adabu. "We have a little problem" husemwa hata tatizo likiwa zito, ili msikilizaji asishtuke, na Kiswahili kinalo jibu lililo tayari: "tuna tatizo kidogo". Anayeomba kwa kusema "naomba kukusumbua kidogo" naye hapimi usumbufu huo, anaupunguza makali.

Je, "little brother" ni "kaka mdogo", na "mama mdogo" ni "little mother"?

La kwanza ni sahihi, ingawa "mdogo wangu" ni fasaha zaidi. Lugha zote mbili zimehamisha udogo wa mwili ukawa udogo wa kuzaliwa, hata mdogo wako akikuzidi kimo. La pili ni kosa. Mama mdogo ni ndugu wa kike wa mama aliyezaliwa baada yake, na Kiingereza humwita "aunt". Ikiwa hadithi inahitaji msomaji wa Kiingereza ajue kwamba ni wa upande wa mama na ni mdogo kwake, itabidi kusema hivyo kwa maneno kamili.

"Belittle" lilianzaje?

Mtu wa kwanza anayejulikana kuliandika ni Thomas Jefferson, ambaye baadaye alikuwa rais wa 3 wa Marekani. Mwanasayansi wa Ufaransa, Georges-Louis Leclerc de Buffon, alikuwa ameandika kwamba wanyama wa bara la Amerika ni wadogo na dhaifu kuliko wa bara la Ulaya kwa sababu ya hali ya hewa ya huko. Jefferson aliliona jambo hilo kuwa kosa la kisayansi na pia tusi kwa nchi yake changa. Katika kitabu chake kuhusu jimbo la Virginia, kilichochapwa Paris mwaka 1785, aliorodhesha uzito wa wanyama wa pande zote mbili, na katika mjadala huo akatumia "belittle" kwa maana halisi ya kufanya kitu kiwe kidogo kwa umbo. Hakuishia kwenye takwimu. Aliomba aletewe Ufaransa mwili wa moose, mnyama mkubwa wa misitu ya kaskazini mwenye pembe pana, na mwaka 1787 ulimfikia Paris ili Buffon aonyeshwe.

Kitabu kilipochapwa London, mhakiki mmoja wa huko alilikejeli neno hilo kama uzushi wa Wamarekani. Neno likabaki. Maana yake ya kimwili ndiyo iliyofifia, na leo "to belittle" ni kumdunisha mtu au kuipuuza kazi yake.

"Little Englander" alikuwa nani?

Katika karne ya 19 hilo lilikuwa jina la kubeza walilopewa Waingereza waliopinga upanuzi wa himaya, kana kwamba walitaka nchi yao iwe ndogo. Mbunge Henry Labouchere, aliyepinga bungeni ujenzi wa reli ya kutoka Mombasa kuelekea Uganda, huhesabiwa miongoni mwao. Siku hizi jina hilo hutumika zaidi kwa Mwingereza asiyependa mambo ya kigeni, maana ambayo ni mbali sana na ile ya kwanza.

Kwa nini vijiji vingi vya Uingereza vina "Little" mbele ya jina?

Ili kuvitofautisha na jirani zao wenye jina lile lile. Katika Buckinghamshire kuna Great Missenden na Little Missenden. Waandishi wa hati za zamani walipoandika kwa Kilatini walisema "magna" na "parva", na baadhi ya majina hayajawahi kurudishwa katika Kiingereza, kama Appleby Magna na Appleby Parva za Leicestershire. Little Rock, makao makuu ya jimbo la Arkansas nchini Marekani, ni tafsiri ya jina ambalo Wafaransa walilipa jabali dogo kando ya mto.

Je, "lite", lita na mji wa Lille vina uhusiano na neno hili?

Havina. "Lite" inayoonekana kwenye vinywaji na programu za simu ni "light", yaani "-epesi", iliyobadilishwa tahajia kwa ajili ya biashara. Lita ilitoka Kifaransa na asili yake ni kipimo cha Kigiriki. Lille ya Ufaransa inafanana kabisa na neno la Kidenmaki la udogo, lakini jina lake linatokana na neno la kisiwa.

Hutamkwaje?

Lina silabi mbili, na ya pili haina irabu iliyo wazi: ulimi hutoka kwenye t na kwenda moja kwa moja kwenye l, ambayo husimama kama silabi, kama vile m inavyosimama peke yake katika "mtu". Anayetamka Kiswahili anao uwezo huo tayari, ila anatakiwa kuuhamishia kwenye l. Wamarekani huilainisha t hadi ikaribie d, na watu wengi wa London huikata kooni.

Kuna maneno gani mengine ya udogo yenye historia ya kujua?

"Wee", neno linalopendwa Scotland na Ireland ya Kaskazini, lilikuwa nomino lenye asili katika neno la uzito. Watu walisema "a little wee", yaani kitu kidogo cha uzani, mpaka nomino ikageuka kivumishi. "Petty" ni "petit" ya Kifaransa iliyoingia ikiwa na maana ya udogo tu, kisha ikashuka hadi kumaanisha mtu anayeshikilia mambo yasiyo na maana, ingawa "petty cash" ya ofisini haijashuka nayo.

"Minute", likiwa kivumishi cha vitu vidogo mno, linatoka katika Kilatini "minutus", kilichopunguzwa. Wanajimu waliogawa kila digrii ya duara na kila saa katika sehemu 60 waliiita kila sehemu "pars minuta prima", sehemu ndogo ya kwanza, na walipoigawa tena wakapata sehemu ndogo ya pili, ambayo ndiyo "second". Waarabu nao waliita sehemu hiyo ya kwanza kwa neno lenye maana ya kitu kidogo na laini, na neno hilo lilivuka bahari hadi pwani yetu likiwa dakika. Kiingereza huandika kivumishi na jina la muda kwa tahajia moja, lakini kivumishi hutiwa mkazo kwenye silabi ya pili, nacho husikika kama "mainyuti".